Ramani Niliyoichora Kijijini Kwetu

Chuo cha ualimu nilichosomea Bukoba kilikuwa na darasa moja tu lenye mapazia, na mapazia yale yaliwekwa kwa ajili ya mtu mmoja. Alikuwa mkufunzi wetu wa sanaa, Mlutheri wa Rubafu, mrefu, mwenye kikohozi ambacho ulikisikia kabla hujamwona. Miaka michache kabla ya Uhuru alipelekwa Ulaya kusomea uchoraji na historia ya majengo. Alikaa huko miaka saba, akarudi na projekta moja na sanduku la slaidi. Wenzake waliosoma nje walipata ofisi Dar es Salaam. Yeye aliomba kurudi nyumbani, akaomba tena apewe vipindi viwili kwa wiki awafundishe walimu watarajiwa somo aliloliita Utangulizi wa Sanaa na Majengo ya Dunia. Alipewa Alhamisi mchana, kwa sababu mvua za Alhamisi zilikuwa zimevuruga mara nyingi ratiba ya shamba la chuo na mkuu wa chuo alitaka watu wawe na mahali pa kukaa.

Mapazia yalikuwa mablanketi ya bweni yaliyoshonwa pamoja. Tulikaa ndani ya giza lile watu thelathini na kitu, tukiwa na udongo miguuni, na ukutani ikatokea piramidi. Tangu siku ya kwanza alituita walimu. Alituambia kwamba hataki kusikia kama jengo ni zuri au baya. Alitaka jambo moja.

"Walimu, mvua ikinyesha hapa, maji yanakwenda wapi?"

Piramidi ilitushinda, kwa kuwa kule mvua haiji, naye alionekana kufurahi kwamba imetushinda. Lakini wiki zilizofuata tulianza kuona. Tuliona hekalu la mbao la Ujapani lenye paa lililotokeza mbele sana ili maji yaanguke mbali na nguzo. Tuliona msikiti wa udongo wa Mali wenye vijiti vilivyochomoza ukutani, na akatueleza kwamba watu wa mji ule hupanda juu ya vijiti hivyo kila mwaka kuupaka msikiti wao udongo upya. Tuliona kanisa la Wafaransa ambalo juu yake wanyama wa mawe hutema maji, na makanisa ya Ethiopia yaliyochongwa kushuka chini ndani ya mwamba, yakiwa na mifereji pembeni. Tuliona kuta za Zimbabwe na msikiti wa Kilwa. Mimi nilikuwa sijawahi kufika hata Mwanza. Alhamisi jioni nilitoka darasani nikitazama paa za maduka ya mjini, za Wahindi na za misheni, kama mtu aliyefunguliwa macho, na kwa miezi ile michache nilikuwa na furaha ambayo sikuipata tena katika masomo.

Si wote walipenda. Mwenzetu mmoja aliyekuwa kiongozi wa vijana chuoni alisimama siku moja akauliza, kwa heshima, nguzo za Wagiriki zitamsaidia nini mkulima wa Karagwe wakati taifa linahitaji chakula. Mkufunzi alimjibu kwamba mkulima wa Karagwe naye ana nyumba, na nyumba hiyo ina mtu aliyeijenga. Kisha akatupa kitabu chake tukipokezane. Kilikuwa kitabu kinene cha Kiingereza kilichoeleza sanaa ya dunia nzima kuanzia mwanzo. Alitutaka tujitafute humo.

Tulijikuta kwenye sura ya kwanza, pamoja na watu wa mapangoni. Ilikuwa picha ndogo ya nyumba ya nyasi, na chini yake maneno mawili: Kibanda, Afrika. Baada ya hapo walikuja Wamisri, Wagiriki, Warumi na wengine wote mpaka maghorofa ya vioo kwenye ukurasa wa mwisho, na hatukutajwa tena. Nilingoja mkufunzi aseme kitu kikali. Alikohoa, akafunga kitabu, akatupa kazi ya likizo. Kila mmoja angepewa tepu ya kupimia, rula ya mbao na karatasi za grafu. Angechagua jengo moja la kwao, angelipima, angelichora kwa vipimo sahihi, na chini yake angeandika jina la aliyelijenga na mahali lilipo.

Nilijua nitachora nini kabla hajamaliza kusema.

Kwetu ni Muleba, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Rubya. Baba yangu, ambaye sisi watoto tulimwita Tata kama Wahaya wote, alikuwa na kibanja kizuri cha migomba na kahawa, na alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kahawa ilipokuwa na bei nzuri alijenga nyumba ya matofali yenye vyumba vinne na bati. Lakini babu, baba yake, alikataa kuhamia humo. Aliishi kwenye msonge wake, nyumba ya nyasi ya mviringo, uliokuwa mbele ya kibanja, karibu na barabara, akila kwetu mchana na kulala kwake. Zamani alikuwa fundi wa misonge. Watu walimwita kutoka mbali, hata machifu walimwita, na katika ujana wake alikuwa na wasaidizi kumi na zaidi. Nilipokuwa chuoni alikuwa amebaki na msonge mmoja, huo wake mwenyewe, na hakuna aliyemwita kujenga kwa miaka mingi. Kila mtu alitaka bati.

Nilipofika na vifaa vyangu alidhani nimetumwa na serikali. Nilimweleza kwamba nimetumwa na mwalimu.

"Unataka kuichora ili iweje?" aliuliza. Tulizungumza Kihaya, yeye Kiswahili alikijua kidogo.

Nilimwambia kwamba kuna kitabu chenye nyumba za dunia nzima na yake haimo. Alifikiri kidogo, akasema nianze.

Nilitumia siku nne. Nilipima upana wa sakafu, nikapata karibu mita tisa. Urefu wa kwenda juu niliupima kwa kivuli, jinsi tulivyofundishwa: unasimamisha kijiti unachojua urefu wake, unalinganisha kivuli chake na kivuli cha nyumba. Nilihesabu nguzo za ndani. Nilichora duara kwenye grafu, nikaweka mlango, mahali pa moto, kizigeu cha matete na upande wa mbuzi, kisha nikampelekea aone. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Umenichorea chungu," alisema.

Nilieleza kwamba ni nyumba ikitazamwa kutoka juu, kama ndege anavyoiona. Akasema ndege haoni sakafu. Kisha akanieleza kwamba nimeanza vibaya, nimeanza chini, na msonge hauanzi chini. Walianza na kilele. Walikaa chini wakasuka kilele kwa fito na kamba za migomba kama wanavyosuka kapu, pete moja baada ya nyingine, na pete zilivyoongezeka wakanyanyua, wakaongeza, wakanyanyua tena, mpaka nyumba nzima ikasimama na kushuka yenyewe kufika chini. Ndiyo maana haina ukuta. Paa ndiyo ukuta. Nilimuuliza maji yanakwenda wapi, naye akanitazama kwa namna mpya, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali la fundi kwa muda mrefu. Akanieleza habari ya nyasi za rweya, yaani mbuga iliyo nje ya vibanja, zipi hukatwa lini, jinsi zinavyopangwa, na jinsi moshi wa ndani unavyozikausha zisiingiwe na wadudu. Nilijaza madaftari mawili. Mama alituletea ndizi pale pale.

Mkufunzi alikuwa ameniazima kile kitabu, sijui kwa nini mimi. Siku ya nne nilimfungulia babu. Hakushangazwa na ukubwa wa majengo kama nilivyotarajia. Kwenye lile kanisa la Wafaransa aliuliza limejengwa kwa muda gani. Nikamwambia zaidi ya miaka mia. Akauliza basi walioanza waliona mwisho? Nikasema hapana, walikufa. Akawahurumia, akawasikitikia kama watu anaowafahamu.

Kisha nikamwonyesha ile picha ndogo. Aliileta karibu na macho, akaitazama muda mrefu kuliko zote.

"Huyu alifunga kamba upande mmoja vizuri, upande mwingine vibaya," alisema. "Labda alikuwa na msaidizi mbaya. Ni nani?"

"Haijaandikwa, Babu."

"Ya wapi?"

"Haijaandikwa."

Alinirudishia kitabu. "Aliyeandika hakuuliza," alisema, na hilo ndilo lililokuwa neno lake lote juu ya jambo hilo.

Katika siku zile zile ilikuwa imekuja habari ya kupanga vijiji. Kwetu watu walikuwa tayari wanaishi karibu karibu, vibanja vimegusana, kwa hiyo wengi walidhani jambo hilo ni la mikoa mingine. Lakini alikuja afisa kutoka wilayani, kijana mpole aliyevaa suti ya mikono mifupi, akafanya mkutano kwenye uwanja wa shule ya msingi. Alieleza kwamba kijiji chetu kitakuwa cha mfano. Nyumba zitapangwa mstari mmoja kando ya barabara, zenye pembe nne, ili maji ya bomba, shule na zahanati viweze kuwafikia watu wote. Nyumba za nyasi zilizo mbele zitaondolewa, kwa sababu ni za zamani, zina moshi, na kuna wageni wakubwa watakaopita barabara hiyo. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi. Nilikuwa na miaka ishirini, niliamini ujamaa, na mpaka leo siwezi kusema kwamba zahanati ni jambo baya.

Baada ya mkutano afisa alikuja kwetu, kwa kuwa Tata alikuwa balozi. Alikuta karatasi zangu za grafu mezani. Akazitazama, akauliza nani amechora. Tata akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia juu yangu, kwamba ni binti yake, anasomea ualimu Bukoba. Afisa alisema wilayani wana mpima ardhi mmoja tu naye ana vijiji vingi mno, na yeye anahitaji ramani ya kijiji kabla ya Jumatatu. Je, ningeweza kumchorea? Si ya kitaalamu sana, ila iwe na vipimo.

Nilikubali kabla ya Tata kujibu.

Nilitembea barabara ile siku mbili na tepu yangu, nikifuatwa na afisa aliyeshika daftari. Watu walinisalimia kwa heshima mpya. Wazee waliniita mwalimu. Jioni ya pili nilikaa mezani nikachora barabara, kisha kwa rula nikavuta mstari wa nyumba, hatua ishirini kutoka barabarani, kiwanja baada ya kiwanja, vyote sawa. Ilikuwa kazi safi. Afisa alisimama nyuma yangu, Tata alikaa kwenye kiti chake pembeni.

Nilipofika mbele ya kibanja chetu mkono ulisimama. Mstari ulipita katikati ya msonge. Nilijua vipimo vyake kuliko mtu yeyote aliyekuwa chumbani, nilijua unaanzia wapi na kuishia wapi. Ningeweza kupindisha mstari kidogo, kiasi cha upana wa kidole kwenye karatasi. Ningeweza kusema: hapa kuna nyumba ya mzee, ibaki. Nilimtazama Tata. Tata alikuwa anatazama sakafu. Afisa akauliza kama kuna tatizo.

"Hakuna," nilisema, nikaendelea kuvuta.

Kesho yake babu aliomba aone karatasi niliyomchorea mgeni. Alikuwa amesikia habari zake na nadhani alidhani ni sehemu ya kazi ile ile. Nilimwonyesha. Nilimwonyesha barabara, shule, kanisa, mto. Alifuata kwa kidole, polepole, akafika kwenye kibanja chetu.

"Hapa mimi niko wapi?"

Nilinyoosha pembe ya karatasi. Aliuliza mara ya pili, akidhani sijasikia. Nikamwambia kwamba atahamia kwa Tata, chumba kipo, na kwamba serikali imesema. Nilisema maneno mengi. Alinisikiliza mpaka nilipomaliza, kisha akasema, "Sawa, mwana wange," akainuka kwenda kuangalia mbuzi.

Walimpa siku tatu. Aliomba kitu kimoja, kwamba nyumba isibomolewe, aachiwe aifungue mwenyewe, maana nyumba iliyosukwa hufunguliwa. Afisa alikubali. Siku ya kwanza babu alianza chini na kisu kidogo, akikata kamba moja moja na kuzipanga nyasi pembeni kama vile zitatumika tena. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Saa nne hivi Tata alitoka nyumbani, akavua shati, akaingia kumsaidia. Sijui kama aliwahi kugusa kamba zile tangu utotoni. Babu alimwelekeza kwa maneno mafupi, hapa, siyo hapo, shikilia, na Tata akatii. Walifanya hivyo mpaka jioni na siku iliyofuata yote. Mimi nilibeba nyasi. Hakuna aliyezungumza nami, wala hakuna aliyenifukuza.

Siku ya tatu asubuhi ilikuja habari kwamba wageni watapita mapema, siku hiyo hiyo. Walikuja mgambo sita na kamba ya manila. Nusu ya chini ilikuwa imeshafunguliwa, sehemu ya juu imebaki juu ya nguzo zake, na ndani ukaonekana msuko wote wa kilele, pete kwa pete, mweusi kwa moshi wa miaka. Sikuwahi kuuona hivyo, na ninaamini hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kuuona hivyo isipokuwa mafundi wenyewe siku ya kujenga. Babu alijaribu kuwaambia wapi wafunge. Walifunga popote. Wakavuta. Ulishuka taratibu, bila kelele kubwa, ukalala ubavu, na vumbi la masizi likatufunika wote.

Wageni hawakupita. Ilisemwa kwamba daraja la upande wa pili liliharibika, wakazunguka njia nyingine.

Babu alihamia chumba cha mbele cha nyumba ya Tata. Sakafu ilikuwa ya saruji, moto hauwezi kuwashwa ndani, na usingizi wake ulikuwa wa kando ya moto maisha yake yote. Alisema hana shida. Mvua ilipopiga bati hakusikia tunachomwambia, akawa anaitikia kwa kichwa tu, na baada ya muda akawa anaitikia kwa kichwa hata siku zisizo na mvua. Mama alimtandikia nyasi juu ya saruji, akashukuru. Nilirudi Bukoba likizo ilipokwisha. Nilipomuaga alinishika mkono akaniuliza kama mwalimu wangu ataipokea karatasi ya nyumba. Nilimwambia ataipokea.

Kifua kilimshika kwenye masika. Tata na majirani walimbeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni ya Rubya, akalazwa siku tisa. Masista walimhudumia vizuri, mama alinieleza hivyo kila aliposimulia. Habari ilinifikia chuoni kwa mtu aliyekuja mjini kuuza kahawa. Nilifika nyumbani tayari amezikwa, chini ya migomba, na kiwanja cha msonge kimepigwa vigingi vinne vya mbao vya nyumba ambayo hakuna aliyeijenga.

Kazi yangu ya likizo ilipata alama za juu kuliko zote. Mkufunzi aliibandika ukutani, akawaambia wenzangu wasome jinsi kilele kinavyosukwa. Chini niliandika jina kamili la babu, jina la ubatizo na jina la Kihaya, na jina la kijiji. Aliyeuliza kuhusu nguzo za Wagiriki alikuja akanishika mkono. Nilivumilia mpaka wengine walipotoka, ndipo nikamwambia mkufunzi kwamba nyumba ile haipo, na kwamba aliyeiondoa ni mimi. Nilimweleza habari ya ramani mwanzo mpaka mwisho.

Alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakiwa juu. Nilidhani atanifariji au atanikaripia.

"Ulichora kwa rula gani?" aliuliza.

"Ile uliyonipa."

Akatikisa kichwa, akakohoa kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba miaka miwili nyuma na yeye aliombwa mchoro wa nyumba bora ya mkulima, ya pembe nne, vyumba vitatu, ibandikwe kwenye ofisi za vijiji. Aliuchora kwa mchana mmoja. Alikuwa ameuona ukutani sehemu nyingi tangu wakati huo. Tulitoa mablanketi madirishani tukayakunja pamoja, na mwanga ukaingia.

Mwaka uliofuata somo lake liliondolewa. Hakuna aliyelipiga vita, vipindi vilihitajika kwa kilimo na yeye hakubishana. Alifundisha hesabu kidogo, kisha akaomba kupumzika kwa sababu ya kifua. Nilikuwa nimeshaanza kufundisha shule ya msingi mjini, nikipanga chumba Bilele, nilipokwenda kumtembelea Rubafu na kilo mbili za sukari. Nilimkuta anaanika kahawa. Mke wake alinitolea kahawa ya kutafuna kama desturi, tukazungumza habari za mvua na bei. Niliuliza slaidi ziko wapi. Akanionyesha sanduku. Unyevu wa ziwa ulikuwa umeingia, na ukizishika mbele ya dirisha uliona ukungu mweupe uliotambaa juu ya kila jengo. Michoro yetu ya likizo aliiweka juu ya kabati, mchwa wakapanda kwa ndani ya ukuta, wakala yote. Aliniomba radhi. Niliona ana aibu, nikasema haidhuru, nikaaga mapema kuliko nilivyokusudia. Alikufa mwaka ule ule.

Mimi nilifundisha miaka thelathini na mmoja. Niliwafundisha watoto kuchora chungu, jembe na bendera, kama muhtasari ulivyotaka. Mara moja moja, nikiwa na darasa dogo, niliwauliza maji ya mvua yanakwenda wapi shuleni kwetu, nao walikimbia nje kutazama, wakarudi na majibu mazuri. Lakini mbele ya hapo sikuweza kuwapeleka, sikuwa na picha yoyote ya kuwaonyesha, na nilichokijua kuhusu msonge kilikuwa kinanitoka kidogo kidogo. Madaftari yale mawili sikumbuki niliyaacha wapi. Jina la pete ya tatu kutoka juu limenitoka kabisa.

Mstari wa kijiji haukukamilika. Nyumba nne zilijengwa, zahanati ilikuja miaka mingi baadaye mahali pengine, na watu waliendelea kukaa kwenye vibanja vyao. Yule afisa alihamishwa. Nilisikia aliwahi kuuliza habari zangu.

Tata aliishi muda mrefu. Katika miaka yake ya mwisho nilikuwa nakwenda Muleba kila likizo, tunakaa barazani tukichambua maharage, na tulikuwa hatujawahi kuzungumzia jambo lile hata siku moja, miaka ishirini na zaidi. Siku moja nilimuuliza. Nilimuuliza kwa nini jioni ile, nilipomtazama, hakusema kitu. Yeye alikuwa balozi, nyumba ilikuwa ya baba yake, na afisa alikuwa kijana ambaye angemsikiliza.

Aliendelea kuchambua mpaka nikafikiri amekataa kujibu.

"Nilikuwa nangoja wewe useme," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa umesoma."

Nikamwambia kwamba na mimi nilikuwa nangoja yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa.

"Niliona," alisema. "Nilikuona ukinitazama."

Alisogeza ungo karibu yangu ili nifikie vizuri, akaniomba nimwitie mama, jua lilikuwa linaondoka barazani na alitaka kuhamishiwa kiti. Nilimwita. Tulimhamisha wawili, yeye ameshikilia mabega yetu. Miezi mitano baadaye tulimzika kando ya baba yake.

Mama aliniuliza msibani Tata na mimi tulizungumza nini siku ile ya maharage, kwa maana mzee alikuwa amekaa kimya siku mbili baada ya mimi kuondoka. Nilimwambia tulizungumza habari za zamani. Akasema alidhani hivyo, akaenda kuwapokea wageni wa kutoka Rubya.